Fundi Huja Siku ya Jua

Hapa Leitrim mvua hainyeshi, inahamia.
Inavua viatu, inaagiza chai.
Na ikishahamia, taa ya ruta dirishani
inaiva, nyekundu kama jicho la mwenye homa,
na mimi, Dympna Gilheany, fundi wa kodiani,
najua kwamba dunia imenifungia mlango tena.

Nimepiga simu. Msinifundishe kupiga simu.
Nimebonyeza moja, nimebonyeza nne, nimebonyeza nyota,
nimesikiliza muziki wao dakika hamsini,
wimbo mmoja, unakwaruza palepale kila ukizunguka,
mpaka mkono wangu ukaanza kutafuta bisibisi wenyewe.
"Simu yako ni muhimu kwetu."
Marehemu Packie naye aliniambia hivyohivyo
huku anavaa koti la kwendea baa.

Fundi huja. Sitamsingizia, huja.
Ila huja siku ya jua,
zile siku nne tulizogawiwa kwa mwaka.
Anaitwa Fiachra, kijana wa heshima, anafuta miguu.
Anachomeka kidude chake, anatikisa kichwa:
"Mama, laini yako ni nzima kuliko ya kwetu."
Anaandika "hakuna tatizo." Anakula keki. Anaondoka.
Gari halijafika darajani, wingu limetua.

Mara tatu.
Mara ya nne niliamka alfajiri,
nikaegemeza ngazi kwenye nguzo,
miaka sitini na minane, goti la kushoto la chuma,
nikapanda na kopo la kumwagilia maua
nikakinywesha kile kisanduku cheusi lita mbili,
polepole, kama abatizaye mtoto mkaidi.
Mossie alikuwa barabarani na ng'ombe wake.
Hakuuliza kitu. Ng'ombe ndio waliokodoa macho.

Fiachra akafika, jua limewaka, taa nyekundu.
Akapanda, akafungua, akachungulia.
"Mama, humu mna maji."
"Ala!" nikasema.
"Na jani la begonia."
Tukatazamana, yeye juu, mimi chini,
kitambo cha kutosha kuchemsha yai.
Akaandika "unyevu." Akabadilisha kiungio.
Keki ya siku hiyo nilimfungia nzima.

Usiku mvua ikaja na mizigo yake yote
na taa ikabaki kijani. Kijani!
Nikachana nywele, sijui kwa nini,
nikaketi, nikafungua tovuti yangu:
picha za kodiani thelathini, bei,
barua ya yule mzee wa Boston mwenye haraka ya kufa.
Ukurasa mweupe.
"Seva haipatikani. Tunaomba radhi
kwa usumbufu utakaojitokeza."

Utakaojitokeza!
Kana kwamba bado uko njiani,
kana kwamba haujafika, haujala, haujalala kitandani kwangu.
Hawa waliniahidi mwaka mzima wa uhai,
asilimia tisini na tisa nukta tisa.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili yao:
kile kichembe kilichobaki ni kama saa tisa.
Leo ni siku ya kumi na moja.
Wahenga walisema subira yavuta heri.
Hawakuwa na mkataba wa miezi ishirini na minne.

Mezani nina kodiani iliyoletwa Jumanne, inavuja.
Hiyo naiweza. Unazima redio,
unaivuta taratibu, unalaza shavu kwenye mikunjo
mpaka upepo ukuguse, mwembamba kama unywele.
Gundi, kiraka cha ngozi, basi.

Lakini seva nitailaza shavu wapi?
Sijui hata iko nchi gani.
Mtu wa simu naye hakujua, alinipa nambari tu,
tarakimu kumi na saba, niitaje nikipiga tena.
Nimeiandika ukutani kwa penseli, jikoni,
chini ya mistari ya urefu wa wanangu
walipokuwa bado wanakua.