Arobaini ya Mtindi

Mwanatumu alipokwenda Malindi kumlea mzazi
aliniachia funguo, paka, na chupa moja ya kioo.
"Usiwate ikafa," akanambia mlangoni,
paka, nadhani, angejitafutia mwenyewe.

Ndani ya chupa chembe nyeupe, laini,
kama koliflawa iliyotafunwa ikatemwa.
Alipewa na nesi Habwoya, mtu wa Garsen,
aliyeziita kefiri, akasema haziuzwi,
hupewa mtu, naye akampa mwingine.
Kila jioni uzimiminie maziwa mapya.
Kila asubuhi uchuje.
Mimi nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja;
sijapata kuchuja hata chai.

Juma la kwanza nilikunywa tu.
Asubuhi bilauri, mchana bilauri, usiku bilauri,
tumbo likanguruma kama jenereta bovu.
Juma la pili chembe zilikuwa maradufu,
na Barisa, kijana wa maziwa kutoka Mokowe,
bado analeta lita mbili, ya mke na ya mume,
nami naona haya kumwambia
nyumba hii sasa ina kikombe kimoja.

Nikapiga simu. "Kandia mahamri," akasema,
nyuma yake mtoto analia kwa mapafu yote.
Nikakanda. Ya kwanza ungejengea ukuta hapa Langoni.
Ya pili yakafura.
Nikala saba nimesimama, mafuta yananitiririka hadi kiwikoni,
hakuna wa kuniambia keti.

Kisha jogoo wa Bi Somoe, mzee mwenye ubishi:
nikamlaza usiku kucha katika mtindi, thomu na bizari.
Kulipokucha alikuwa amekubali.

Samaki na maziwa havikai tumbo moja,
ndivyo tulivyolelewa; utatoka mabaka.
Usiku wa ishirini na mbili nikatia komeo,
nikampaka changu mtindi na pilipili, nikamchoma,
nikamla. Nikakaa mbele ya kioo hadi saa sita
nikikagua shingo, mikono, nyuma ya masikio.
Kilichonitoka ni jasho.

Lakini nilichokipenda hasa ni kuning'iniza.
Pembe nne za leso yake kuukuu,
ile iliyopauka hata maandishi yakabaki nusu,
fundo moja, kamba juu ya boriti.
Maji ya mtindi yanadondoka bakulini, manjano kwa mbali,
nami chini yake na saa yangu ya kazini:
matone sitini na mawili kwa dakika.
Usiku wa manane kumi na manne.
Kisha moja,
kisha kungoja.
Na hakuna bili ya kumpelekea mtu.
Maji hayo nikapikia wali, nikaumwagia mkilua,
yaliyosalia nikatia miguu.
Donge lililobaki nikalivuruga na chumvi, ndimu, kitunguu kibichi,
nikalipaka juu ya mkate wa mofa ungali moto.

Watoto wa kichochoroni wamenipa jina.
Nagandisha mtindi na ubuyu katika vifuko,
shilingi tano; asiye na tano ananifagilia baraza.
Bwana Chachu, wananiita, wanagonga mlango mchana kutwa.
Baba zao walikuwa wakinifungia
wakiniona na daftari la mita.

Siku ya arobaini, simu:
"Mtoto hayatulia. Niongeze wiki mbili?"
Ongeza, nikasema, sauti yangu kavu kidogo.
Nikagawa chembe: chupa moja kwangu,
ya pili kwa Bi Somoe, badala ya jogoo,
ya tatu sikujua ni ya nani, nikaiweka tu.

Alirudi Jumanne, na harufu ya poda ya mtoto nguoni.
Akafungua friji, akaifunga, akaifungua tena.
"Leso yangu iko wapi?"
Nikamwonyesha juu.
Akainua shingo, tone likamwangukia kwenye paji la uso.
Akalipangusa kwa kidole, akaonja,
akanyamaza muda wa matone matatu.
"Barisa analeta lita ngapi?"
"Mbili."
"Mwambie tatu."