Kurasa Zilizogandamana

Kila alfajiri, kabla sijafungua ghala,
naketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
miwani imefungwa uzi upande mmoja,
nasoma sura ya siku.
Sura moja. Si zaidi.
Mchungaji alisema shibe ya siku moja
haimnenepeshi mtu.

Sasa mwaka wa tano. Nimeshavuka jangwa mara mbili
pamoja na wale wanung'unikaji,
nimehesabu mbuzi wao, nguzo zao, mapazia yao,
nikasinzia katikati ya majina ya mababu
hadi Nyamizi akaniuliza toka jikoni,
"Umefika wapi?"
Nikajibu, "Bado wanazaana."

Mimi hununua asali. Sikonge yote inanijua.
Wanakuja na baiskeli kutoka Ipole,
ndoo mbili nyuma, moja mbele,
nguo zinanuka moshi wa porini,
na kidole changu huonja kwanza:
hii ya maua ya mtundu, hii ya muyombo.
Kisha kidole hichohicho hufunua ukurasa.
Ndiyo maana Biblia yangu ina sisimizi.

Mwinjilisti akisema Neno ni tamu kupita asali,
waumini hugeuka kunitazama, wakitabasamu.
Nami natabasamu.
Lakini mrina asali hashuki mtini bila uvimbe,
na hilo hakuna anayelihubiri.

Kulikuwa na kurasa mbili katika Mithali
zilizogandamana.
Safari ya kwanza sikuzitenganisha.
Kidole kilizipita kama mtu
apitaye mlangoni kwa mdai wake,
anakohoa kidogo, anatazama mawingu.
Ya tisa, halafu ya kumi na mbili.
Sikuona pengo.
Au niliona.

Julai hii baridi imegandisha asali madebeni
ikawa chengachenga kama chumvi,
na ile ya kitabuni pia ikakauka.
Nilipofika pale, kurasa zikaachana zenyewe,
ta!
kama ganda la karanga.
Herufi nyingine zilikuwa zimehamia upande wa pili,
nikazisoma kinyumenyume, kama kwenye kioo:
mizani.
Mizani ya hila, na jinsi Mungu anavyoiona.

Nikainua macho. Ilikuwa inaning'inia palepale,
mizani yangu, na ile springi niliyoikaza
mwaka wa ada ya mtoto.
Kilo mbili tu kwa kila ndoo.
Tu.
Kumbe hilo ndilo neno
nililokuwa nikilisoma kila siku.

Sikulia. Nisiongeze uongo.
Nilitafuta bisibisi.
Kazi ya dakika nne.
Miaka mitano, dakika nne.

Lugembe akaja saa tatu. Nikatundika ndoo yake.
Mshale ukafika mahali usipopazoea.
Akainama, akautazama, akanitazama mimi.
"Nyuki wamezidisha mwaka huu?"
"Wamezidisha," nikasema.
Ndivyo nilivyosema.
Mizani imenyooka, ulimi bado.

Usiku nikachukua daftari kuukuu, nikapiga hesabu:
ndoo za Lugembe, ndoo za yule mjane wa Mkolye,
za wale vijana wawili wasiojua kusoma
walioniambia, "Tusomee wewe, mzee, tunakuamini."
Jumla imenizidi. Imelizidi ghala.
Nyamizi akasogeza taa, akaziona tarakimu.
Hakuniuliza nimefika wapi.

Leo ingepaswa kuwa sura ya kumi na mbili.
Nimerudi ya kumi na moja, kwa siku ya tatu.
Ukurasa umechanika pembeni,
herufi kadhaa zimekwama ng'ambo,
nazijaza kwa mdomo, polepole,
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nje, baiskeli inaegemezwa ukutani.
Nasikia mpini wa ndoo ukigonga.
Naweka sisimizi mmoja kando kwa ukucha,
nafunga kitabu bila alama,
na bado sijui nitaanzia wapi.