Buu la Katwe

Saa saba mchana. Kidimbwi changu cha chumvi kimenyamaza,
maji mekundu, mazito kama uji uliosahauliwa jikoni.
Samaki hayumo. Chura hayumo.
Hata kiboko, asiyeona haya kuingia popote,
hupitia ukingoni, akaenda zake Ziwa Edward.

Ila wewe, buu la nzi,
urefu wa punje ya mchele,
umo.

Miaka yote nilikukwangua pamoja na povu
nikakutupa juani.
Ni yule kijana Kamuhanda, wa chuo cha Mbarara,
aliyenipa kioo cha kukuzia, akaniambia fumba jicho moja.
Mama Ithungu, tazama. Linakunywa.

Linakunywa!
Nami nilidhani umejifunga
kama duka siku ya mazishi.

Ngozi yako kama nta, hilo nililielewa.
Sisi nasi hujipaka unga na mafuta,
wanaume hujivika mpira,
na bado chumvi hupata ufa.
Lakini ziwa, alisema, linakudai maji ya mwilini
usiku na mchana, halisamehi.
Basi unameza lilelile linalokukausha,
maji unabaki nayo,
chumvi unaisukuma hadi mwisho wa utumbo,
chembe baada ya chembe, wapagazi bila taa,
mpaka mkojo wako unakuwa mkali kuliko ziwa.
Na magadi?
Una vifuko ndani, vyeupe;
humo unayagandisha yawe chokaa.
Unatembea na kijiwe chako tumboni.

Thembo wangu alisimama humu miaka kumi na tisa,
maji kifuani, mtalimbo mkononi, akivunja mwamba.
Daktari wa Bwera alizitazama picha za figo zake
akazima mashine
akauliza tuna watoto wangapi.

Kamuhanda aliniachia saba kwenye chupa ya jemu.
Usiku mjukuu wangu Kabugho akawaonea huruma,
akamwaga maji ya ziwa,
akawajazia maji matamu ya mtungi.
Nilipiga kelele. Nilijua nitazika.

Asubuhi mlikuwa hai, wote saba,
mkijinyonganyonga chini ya kifuniko.
Kamuhanda akacheka kwa simu:
sasa wanaifanya kazi ileile kinyumenyume,
wanaikumbatia chumvi isiwatoke.

Lori la Kongo linapiga honi. Magunia kumi na moja bado.
Nimeketi na chupa mapajani,
sijui niwarudishie maji yapi.