Wiki Mbili za Februari

Januari, saa mbili asubuhi, Kajaani bado giza,
nami nimeshashika simu:
"Samahani kwa usumbufu. Ni Orvokki, mnasihi wa shule.
Nina vijana wa darasa la tisa. Wiki mbili tu.
Hapana, hamtawalipa. Chakula watakula shuleni."
Upande wa pili mtu anavuta pumzi,
ile pumzi ya kutafuta kisingizio chenye adabu.

Duka la mikate limekataa. Mwaka jana Aatu
alisahau hamira, wakaoka matofali.
Benki inataka fomu tatu na saini ya mtu aliye likizo.
Supamaketi haikatai kamwe: humpa mtoto kisu cha maboksi
na rafu ya maziwa isiyojua kujaa;
ikifika Ijumaa ya pili anaijua tarehe ya kila pakiti
wala hajui kazi ni nini.

Sikusomea kuomba. Lakini mtaka cha mvunguni huinama,
nami nimeinama hadi nimeujua mvungu wa mji mzima:
nani huchonga skii kwa mkono,
nani hutoboa barafu apime maji ya mto,
nani ana moyo ila hana kiti cha ziada.

Eelis nilimuuliza, "Ungependa wapi?"
"Popote penye hita."
Iines hakujibu. Iines hajibu.
Miaka mitatu walimu wameandika kwenye ripoti yake,
kwa kalamu tofauti, maneno yaleyale: *ashiriki zaidi*.
Aliniachia fomu mezani. Penye "Mambo unayopenda"
alikuwa ameandika kwa penseli, akafuta.
Nikaiinamisha karatasi chini ya taa, nikasoma makovu:
*vitu vinavyochukua muda*.

Nikampigia Urpo Tolonen, fundi wa vinanda vya kanisa.
"Anaongea sana?"
"Hata kidogo."
"Mlete."

Siku ya nne nilikwenda kutazama.
Kanisani baridi; pumzi yangu ilinitangulia.
Urpo haonekani, yumo ndani ya kinanda,
katikati ya mabomba mia tisa,
sauti yake imemezwa: "Shikilia."
Iines, glavu zimekatwa ncha,
kidole kimoja juu ya kibonye kimoja.
Noti ikatoka imepinda, ikitetemeka,
inabishana na mwenzake wa pembeni.
Gonga, gonga huko ndani.
Mtetemo ukapungua, ukachoka, ukalala.
"Inayofuata."

Saa nzima hivyo. Sijawahi kumwona mtoto
akinyamaza kwa faida ya mtu.

Kisha: "Inayofuata."
"Bado," akasema Iines.
Ndani ya mabomba, kimya.
"Iko juu. Kidogo."
Gonga. Moja tu.
"Kweli," ikasema ile sauti iliyomezwa,
na mimi nikatoka bila kuaga,
nikasimama kwenye theluji nikipangusa miwani
isiyokuwa na ukungu.

Machi fomu zimerudi. "Umejifunza nini?"
Eelis: *Sitaki kufanya kazi dukani.*
Nikampa alama zote. Kuna watu
huchukua miaka arobaini kuiandika sentensi hiyo.
Iines: *Kinanda kina mapafu.*
Mistari sita iliyobaki ameiacha wazi.

Tarmo hakupata pa kwenda.
Nilipiga simu kumi na tisa kwa ajili yake; ya ishirini
nilikuwa nimechoka, sikuipiga.
Alibaki na mtunza shule, akibadilisha balbu za ukumbi,
na kila nikipita chini ya mwanga ule
naona deni langu limewaka.

Namba yenyewe bado imebandikwa kwenye kikombe changu:
mwanamke fulani wa Sotkamo, anarekebisha darubini.
Tarmo atamaliza shule Mei. Fomu hana, wiki hana,
mwezi wa kazi umekwisha.

"Halo? Samahani kwa usumbufu."