Upande wa Pili, Wimbo wa Nne

Jalada limeliwa na mende pembeni,
lakini nguchiro bado yumo, kavaa suti,
mguu juu ya mguu, kalamu sikioni.
Alimchora Alvarine, dada wa mpiga besi,
kwa rangi iliyobaki ya milango ya kanisa.

Mwaka ule, huku Clarendon,
jina la mtu lilikuwa risasi:
ukilitamka kwenye kipaza sauti
lilikurudia usiku kwa mlango wa uani.
Basi baba, Hezekia Tulloch, mkata miwa,
vidole tisa na gitaa la kuazima,
akawavua wakubwa majina
akawavika manyoya.

Nguchiro aliletwa kwa meli ale panya wa miwa.
Akala panya. Panya wakaisha.
Akageukia mayai,
na hakuna aliyethubutu kumkumbusha
kwamba mkataba ulisema panya.
Huo wimbo wa kwanza. Parokia nzima
ilijua ni mbunge gani.

Kisha tumbusi, awahiye matangani
na hati za deni zimekunjwa chini ya bawa.
Kisha punda wa kampuni ya boksaiti,
mwekundu kwa vumbi hadi kope;
afe, mzigo ufike, na mzigo ulifika.

Na kaa wa pipani! Kila mmoja
gando kwenye mgongo wa mwenzake.
Anayekaribia ukingo huvutwa: kaa!
Kaa hapa nasi. Kaa,
ingawa chini ya pipa
kuna kaa la moto.

Mbuzi hakutungiwa kitu. Mbuzi alipewa kazi:
ngozi yake ndiyo iliyowambwa ngomani,
akawamo katika nyimbo zote,
akipigwa.

Walirekodi Kingston, masiku matatu,
chumba kimebandikwa trei za mayai
ukutani kote kuua mwangwi.
Baba alisema nguchiro angeingia mle
angelia kwa uchungu.

Akaingia kweli, si mle, bali dansini,
uwanja wa shule, spika ndefu kama makabati,
suti nyeupe, walinzi wawili.
Akacheza! Akanunua santuri tatu.
Akamshika baba bega:
"Huyu nguchiro wako
ni yule wa chama kile kingine, sivyo?"
Baba akaitika kwa kichwa.

Watu walicheka kisa hicho miaka.
Mimi pia nilicheka,
nikimtazama baba, ambaye hakucheka.

Wimbo wa mwisho hauna maneno.
Gitaa tu, na besi inayoinama, inayoinuka, inayoinama.
Jaladani wameandika: Mjusi.
Nilimwuliza hospitalini, mrija puani,
mjusi ni nani?

Akasema: walipokuja kupima shamba la mama,
walinikalisha mezani kwa kuwa najua kusoma.
Wakataja bei, nikaitika.
Wakasema makaburi yatahamishwa kwa heshima,
nikaitika.
Mama alikuwa mlangoni na kikapu cha viazi vikuu,
ananitazama nisome kwa sauti.
Shingo yangu, mwanangu,
ilikuwa inaijua njia peke yake.

Sasa palipokuwa viazi vikuu
pana ziwa la tope jekundu.
Korongo huzunguka juu yake mara moja
na kwenda zake.

Leo nimeiweka santuri, upande wa pili.
Inaruka kwenye kaa, siku zote kwenye kaa,
kisha inatulia, na besi inaanza kuinama.
Juu ya fremu ya dirisha mjusi wa kweli
anatunisha koo lake, rangi ya chungwa bivu,
anaitika, anaitika,
hajui anakubali nini.

Barua ya kampuni iko mezani tangu Jumanne.
Wanataka kipande kilichobaki,
na wamenipigia msitari chini ya pa kutia sahihi.
Sindano imefika katikati, inakwaruza karatasi ya jina,
inakwaruza,
nami nimekaa,
shingo nimeikaza hadi inauma.