Peasi la Septemba

Kipupwe kimefunga virago bila kuaga.
Kiboriloni vumbi limejikalia
juu ya masweta yangu yasiyouzika tena,
nami nakohoa kikavu,
kama mtu abishaye hodi nyumba tupu.

Daktari Shen, ghorofani, mtaa wa Kiusa,
alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akausikiliza kama redio ya mbali.
"Toa ulimi." Nikautoa.
Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya:
"Mapafu kiu, mama. Hewa kavu, wewe kavu."

Hakunipa kidonge. Aliniandikia peasi:
ulikate kichwa, uling'oe moyo,
asali kijiko, mvuke wa taratibu.
Shingo ifunikwe,
hata jua la saa nne likikubembeleza.

Kisha vikombe vya kioo, moto ndani,
akavibandika mgongoni. Nikacheka.
Ningemwelezaje?
Mama yangu Ndeshukurwa alikuwa na pembe ya ng'ombe
kwa kazi hiyo hiyo.
Chuku ya kweli, si ya maneno.
Duara zake nilizificha shuleni chini ya shati,
nikiogopa kuitwa mshamba.

Leo nimezilipia elfu kumi na tano.

Mapeasi ya Lushoto bado;
nimenunua la Afrika Kusini, na kibandiko chake,
bei ya sweta.
Nimelila, nikanywa na maji yake.

Kikohozi hakijaondoka.
Ila usiku huu kinabisha polepole,
kama mgeni aliyeona taa.