Dakika Nzima

Usiku wa Julai, Valdivia. Mvua inagonga mabati
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho.
Vitanda kumi na vinne, manesi wawili:
mimi, Yasna Huenchumil, na Rosamel
aliyeshuka famasi kufuata dripu.

Saa nane. Kitanda cha tisa, don Eleodoro,
mpasua mbao, vidole vitatu mkono wa kushoto,
siku ya pili tangu atolewe kifuko cha nyongo.
Joto: thelathini na saba nukta tisa.
Mapigo: mia na nne.
Pumzi: nikaandika kumi na nane.

Naungama. Sikuhesabu.
Miaka kumi na moja wodi hii yote inapumua kumi na nane,
wazee, wazazi, hata waliokufa kabla ya chai,
kumi na nane, kumi na nane.
Walionitangulia waliniachia namba hii
kama sufuria ya urithi: imetoboka, na bado tunapikia.

Kompyuta ililetwa Machi,
juu ya toroli lenye gurudumu linalolia.
Na yenyewe ililia: mgonjwa akikohoa, inalia,
akigeuka ubavu, inalia.
Tukaipa jina Mavyaa, maana haikosi neno.
Tukajifunza kubonyeza "Nimeona"
huku tunatazama dirishani.

Usiku huo haikulia.
Iliandika tu, herufi ndogo za kijivu:
Pumzi ya mgonjwa huyu ni kumi na nane mara sita mfululizo.
Tafadhali hesabu dakika nzima.

Niligeuka kutazama nyuma yangu.
Aibu haihitaji shahidi.

Nikavuta kiti. Nikaweka kiganja juu ya blanketi,
nikaishika saa yangu inayoning'inia kifuani.
Moja.
Mbili.
Lini mara ya mwisho nilikaa na mtu dakika nzima
bila kufanya chochote?
Tisa. Kumi.
Kumi na nane ilipita, na mshale wa sekunde
ulikuwa bado haujagusa nane.
Ngozi ya shingo yake ilikuwa ikibonyea kila avutapo hewa,
nami nilikuwa nimepita hapo mara tatu
na karatasi mkononi.
Ishirini na tisa.

Mazoea yana taabu, wanasema.
Hawakusema kwamba taabu yenyewe haina kelele.

Nikaandika ishirini na tisa. Skrini ikawa nyekundu:
damu kwa maabara, laktati, oksijeni,
daktari ndani ya dakika kumi na tano.
Haikuniambia mzee anaugua nini.
Ilinikataza kulala juu ya nilichokwisha kukijua.

Daktari Oyarzún alipokea na usingizi mdomoni.
"Una uhakika?"
"Nimehesabu," nikasema,
na neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwangu.

Lakini kuna jambo Mavyaa hakuliona.
Mzee alikuwa akipapasa shuka kwa kidole kimoja,
taratibu, kama anayetafuta ubao umeelekea wapi.
Na jana alinitania viatu vyangu, leo kimya.
Hakuna kisanduku cha hilo.
Chini kabisa kuna nafasi, "Mengineyo".
Nikaandika: Leo hatanii.
Oyarzún alipofika, koti juu ya pajama,
alisoma mstari huo kwanza.

Walimpandisha ghorofa ya juu saa tisa na nusu,
antibiotiki ikidondoka, mimi nikisukuma kichwani.
Alirudi Alhamisi, amekonda,
akauliza kama hospitali bado hainilipi
kiasi cha kununua viatu.

Usiku huohuo nilianzia kitanda cha kwanza na kiti changu.
Kumi na nne. Ishirini na moja. Kumi na sita.
Mavyaa akiwa kimya kandoni, gurudumu lake limepakwa mafuta.
Kitanda cha kumi na moja, mwalimu mstaafu, usingizi mzito:
kumi na nane.
Sikuamini. Nikarudia.
Kumi na nane, kweli tupu,
nikacheka peke yangu gizani
hadi Rosamel akachungulia kuuliza kuna nini.